Sura ya Sita: Gari Limelala Gereji

Siku ya 41 fundi alinipigia simu. "Mama, gari lako limepata mpangaji," akasema. Buti lilikuwa halifungi tangu siku ya ajali, na kuku wa nyumba ya jirani alikuwa ameingia humo akataga mayai saba juu ya zulia. Nikamwambia fundi amwache. Kuku huatamia siku 21. Vifaranga wakatoka, wakaanza kuparua mchanga kati ya magurudumu, na faili langu la madai ya bima lilikuwa bado kwenye meza ileile, likisubiri saini ya mkubwa ambaye kila nikiuliza naambiwa yuko safarini.

Ajali yenyewe ilichukua muda wa kupiga chafya. Ilikuwa jioni ya masika, Barabara ya Morogoro, kwenye foleni ya kutoka Ubungo kwenda Kimara. Nilikuwa nimesimama, mguu kwenye breki, mbele yangu bajaji. Pikapu iliyobeba mabati ikashindwa kusimama kwenye lami iliyolowa. Ikanigonga nyuma, ikanisukuma, nikaigonga bajaji. Ndani ya bajaji alikuwemo mwanamke wa makamo na ndoo mbili za vibua kutoka Feri. Samaki wakamwagika barabarani, naye akatoka ameushika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, kimya kabisa. Honi zote za jioni ile nimezisahau. Ukimya wake ninao mpaka leo.

Trafiki akaja, akapima umbali, akachora mchoro wa ajali, akatuambia tumfuate kituoni. Nilipiga picha za namba za magari yote matatu, taa zilizopasuka, na mabati yaliyoteleza mpaka juu ya kabini ya pikapu. Mwenye samaki alipewa PF 3, ile fomu ya polisi ambayo majeruhi huenda nayo hospitali, akapakiwa kwenye bodaboda. Mimi nikabaki kushughulikia gari. Kwa wiki kumi zilizofuata sikumfikiria mtu huyo ipasavyo, na sura hii nimeiandika kwa sababu hiyo.

Madereva wa Tanzania tuna majina mawili ya bima: bima kubwa na bima ndogo. Kubwa hulinda gari lako pamoja na wale utakaowadhuru. Ndogo hulinda wale utakaowadhuru tu, na kwa gari dogo la binafsi wakati huo wengi tuliilipia shilingi 118,000 kwa mwaka, kodi ya ongezeko la thamani ikiwa ndani. Jina "ndogo" limetupotosha. Tunaitaja kama kitu cha kumridhisha trafiki, kama kibali cha kupita barabarani. Lakini ndiyo bima pekee ya gari ambayo sheria inatulazimisha kuwa nayo, na sababu ya kulazimishwa inafaa kuelezwa kila gari linaponunuliwa.

Uingereza ndiko walikotunga sheria ya namna hiyo mwaka 1930. Magari yalikuwa yameongezeka, yanaua na kulemaza, na familia zilizoshinda kesi zilijikuta zimemshinda dereva asiye na kitu. Hukumu mkononi, nyumbani njaa. Sheria ikasema: hakuna kuingia barabarani bila mtu mwenye uwezo kuwa nyuma yako, atakayemlipa uliyemuumiza. Wazo hilo likaingia katika sheria za makoloni, na kwetu limo katika Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169. Mahakama ikimwamuru dereva amlipe fidia mtu aliyemjeruhi, kampuni iliyomkatia bima inawajibika kuilipa hukumu hiyo. Kwa hiyo ile 118,000 unailipa wewe, risiti ina jina lako, ila mali ni ya mtu usiyemjua: mwenye ndoo za samaki, mtoto anayevuka kwenda shule, mwendesha baiskeli asiye na taa.

Mimi nilikuwa na bima kubwa. Nilidhani hilo limemaliza kazi.

Nilipokwenda ofisi ya bima kuripoti, dada wa mapokezi alikuwa mwema, akanipa fomu ya madai na orodha ya viambatanisho: leseni, kadi ya gari, makisio ya gereji, mchoro wa ajali, ripoti ya mkaguzi wa magari wa polisi, na PF 90, ambayo ni taarifa ya polisi upelelezi wa ajali ukishakamilika. Neno "ukishakamilika" ndilo lililonila wiki tatu. Polisi hawatoi taarifa ya mwisho kabla upelelezi haujafungwa, na upelelezi haufungwi kabla dereva wa pikapu hajaamuliwa kama anapelekwa mahakamani au la. Kampuni haianzi kuhesabu siku zake kabla ya karatasi kutimia. Hapo katikati hakuna anayekuwa na kosa. Nikiwa kituoni naambiwa faili lipo kwa mpelelezi, na mpelelezi yuko doria. Nikienda bima naambiwa, "Dada, sisi tunasubiri polisi." Karatasi hazina miguu. Anayezitembeza ni mwenye madai, kwa nauli yake, kwa ruhusa anazoomba kazini, na asiye na ruhusa wala nauli faili lake hulala palepale lilipoachwa.

Siku ya 24 akaja mtathmini wa kampuni, ambaye mafundi wote wanamwita asesa. Alilizunguka gari kwa dakika chache, akapiga picha, akaondoka. Baada ya siku sita nikasomewa maoni yake kwa simu. Nyuma, bampa, buti na taa vimekubaliwa. Mbele, sho, radieta na boneti ni "tukio la pili". Maana yake: kugongwa nyuma ni ajali moja, kuigonga bajaji ni nyingine, na kila ajali ina makato yake. Katika mkataba wangu makato hayo, yaani sehemu ambayo mwenye bima hujilipia mwenyewe, yalikuwa asilimia 10 ya malipo, yasipungue shilingi 300,000. Kwa tafsiri ya asesa ningekatwa mara mbili, na rekodi yangu ingesomeka nimesababisha ajali.

Nililia siku hiyo, nasema kweli. Ofisini kwao sikulia. Nililia kwenye daladala nikirudi nyumbani, kwa uchovu wa kuambiwa na mtu ambaye hakuwepo kwamba kishindo kimoja kilikuwa viwili. Kilichoniokoa ni mchoro wa trafiki. Ulionyesha mstari wa breki wa pikapu, gari langu na bajaji, na maelezo kwamba gari la kati lilikuwa limesimama likasukumwa. Nikaandika barua ya ukurasa mmoja, nikaambatanisha nakala ya mchoro na picha ya mabati juu ya kabini. Nakala ya pili nikaipeleka kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA. Nikahakikisha nakala yangu imepigwa mhuri wa kupokelewa, wenye tarehe. Siku nne baadaye simu yangu iliita, na kwa mara ya kwanza mpigaji alikuwa ni wao.

Barua ina nguvu ambayo simu haina. Maneno ya kwenye simu hayana mwenyewe. Ukiyarudia kesho, aliyeyasema ameshahamishwa meza. Kampuni ikikataa, idai kukataa huko kuwe kwa maandishi na sababu iandikwe. Karatasi hiyo ndiyo utakayokwenda nayo kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyotokana na Sheria ya Bima ya mwaka 2009, ambako mteja hufika baada ya kulalamika kwanza kwa kampuni yenyewe. Wengi hukwama hapo kwa sababu walilalamika kwa mdomo miezi mitatu na hawana hata mstari mmoja wa kuonyesha.

Ikafuata vita ya spea. Fundi wangu aliandika 3,400,000. Kampuni ikaandika 2,100,000, ikitumia bei za spea za mtumba za Gerezani na bei ya kunyoosha na kupiga rangi ambayo fundi aliisoma mara mbili kisha akaniuliza, "Mama, hii rangi ni ya gari au ya mlango wa choo?" Spea za mtumba kutoka Japani si dhambi, gari langu lenyewe, IST, ni mtumba kutoka Japani, na sheria ya bima haikusudii kumtajirisha mtu. Inakusudia kumrudisha alipokuwa dakika moja kabla ya ajali. Ila radieta iliyoshindiliwa udongo wa kuzuia mvujo hainirudishi nilipokuwa. Inaniahirishia mzigo mpaka Chalinze, siku ya jua kali. Tukabishana kipengele kimoja baada ya kingine, fundi upande wangu, asesa upande wao, tukafika 3,000,000.

Nikapumua mapema mno. Nikaletewa hesabu ya malipo: shilingi 1,700,000.

Wakati wa kukata bima, wakala aliniuliza thamani ya gari. Nikamwambia kama milioni 12. "Dada, tuandike nane, ada ishuke," akasema, kwa sauti ya mtu anayekusaidia. Kwa gari la binafsi ada ya bima kubwa niliyotozwa ni asilimia 3.5 ya thamani, na juu yake kodi ya asilimia 18. Kwa milioni 12 ningelipa 495,600. Kwa milioni 8 nililipa 330,400. Niliokoa 165,200 nikafurahi. Hakuna aliyenifungulia ukurasa wa kifungu cha uwiano, kinachosema kwamba ukikatia bima theluthi mbili ya thamani, utalipwa theluthi mbili ya hasara. Milioni tatu ikawa milioni mbili. Toa makato ya laki tatu. Iliyobaki ndiyo hiyo, na 1,300,000 ikawa yangu mimi.

Kosa la kukubali lilikuwa langu. Lakini wakala aliyenishauri alikijua kifungu kile, kampuni iliyopokea fomu ilijua IST ya mwaka ule haiuzwi milioni nane Dar es Salaam, na wote walipokea ada bila kuuliza. Thamani ya kweli ya gari langu ilianza kuwashughulisha siku nilipodai. Jambo hili linanikera kuliko ucheleweshaji wote. Kama kampuni ina uwezo wa kutuma mtathmini baada ya ajali, ina uwezo wa kumtuma kabla, au angalau wa kumsomea mteja sentensi moja kwa lugha anayoielewa. Mikataba mingi ya bima niliyoiona imeandikwa kwa Kiingereza cha wanasheria, inasainiwa na watu wanaofikiri kwa Kiswahili, kwenye kaunta, foleni ikiwa nyuma yao.

Pamoja na hesabu ikaja hati ya kusaini kabla ya kupewa hundi. Hati za namna hii zina maneno ya kutuliza na sentensi moja yenye meno: malipo haya ni kamili na ya mwisho. Ilivyoandikwa hati yangu, ningesaini ningekuwa nimesamehe kila kitu kuhusu ajali ile, na kila mtu. Nikaomba iongezwe kwamba namalizana na mkataba wangu wa bima tu. Wakakataa, nikarudi nyumbani. Baada ya siku mbili wakaongeza. Niliyasimamia maneno hayo kwa sababu bado nilikuwa na haki nje ya mkataba. Kampuni ikishakulipa, hushika nafasi yako na kwenda kudai fedha yake kwa aliyesababisha. Yenyewe inarudishiwa. Wewe 1,300,000 yako, na nauli za wiki kumi bila gari, unapaswa kwenda kuzidai mwenyewe kwa mwenye pikapu na kampuni iliyomkatia bima ndogo, na hakuna mtu ofisini atakayekukumbusha kwamba haki hiyo unayo.

Nimezungumza na watu waliofanya kazi katika idara za madai, na nawaamini wanaponieleza wanachokiona. Mtu anagonga ukuta Jumamosi, anakata bima Jumatatu, anaripoti ajali Jumatano. Gereji zinaandika spea mpya zinafunga za zamani. Madai ya uongo yapo, na kila mmoja wao ameshawahi kudanganywa na mtu mwenye sura ya unyenyekevu kuliko yangu. Lakini dawa yao imekuwa kumtilia shaka kila anayeingia mlangoni, na wa kweli na wa uongo wanachoshwa kwa kipimo kilekile. Wa uongo huvumilia kwa sababu ndiyo kazi yake.

Kuna hatari nyingine, kubwa kuliko kuchelewa, na Wakenya wameionja. Kampuni ya United Insurance, iliyokuwa na matatu nyingi katika vitabu vyake, iliwekwa chini ya msimamizi mwaka 2005. Blue Shield, nayo bima ya matatu, ikafuata mwaka 2011. Sheria ya Kenya, Sura ya 405, inaiwajibisha kampuni kwa majeruhi mmoja mpaka shilingi milioni tatu za huko. Kampuni ikishaanguka, abiria aliyevunjika nyonga anabaki na mfuko wa kufidia wenye bima, ambao kiwango chake cha juu kimekuwa shilingi 250,000 kwa dai moja. Mwenye matatu naye, aliyelipa ada kila mwezi kwa uaminifu, anajikuta dalali wa mahakama amesimama mlangoni kwake akihesabu makochi. Ada iliyoshuka mno ili kuvuta wateja hatimaye hulipwa na mtu, na mara nyingi mtu huyo alikuwa amekaa kiti cha nyuma tu.

Hapo ndipo fikra zangu zilipomrudia abiria wa kiti cha nyuma niliyekuwa namfahamu.

Nilimpata kupitia dereva wa bajaji. Anakaanga samaki jioni karibu na kituo cha Kimara, chini ya mwamvuli wa kampuni ya simu. Siku niliyofika, binti yake ndiye aliyekuwa akigeuza vibua kwenye kikaango. Yeye alikaa kwenye kigoda, mkono umetolewa plasta wiki hiyo, vidole bado havikunjiki. Nikamwamkia. Akanitambua kabla sijajieleza.

"Wewe ndiye mwenye gari lile dogo," akasema. "Limepona?"

Nikamwambia limepona. Nikamuuliza yeye.

Alieleza kwa mpangilio, kama mtu aliyezoea kutoa hesabu. Mifupa miwili ya kifundo. Wiki saba hakukaanga. Wiki ya kwanza mwenye pikapu alikuja nyumbani na shilingi 150,000 na karatasi iliyochapwa stationeri, imeandikwa kwamba wamemalizana na hatadai tena. Aliombwa asaini. Mkono wa kuandikia ulikuwa kwenye plasta, kwa hiyo aliweka dole gumba la kushoto.

"Hukuambiwa kuna bima?" nikamuuliza.

"Mimi sina gari, mama. Bima ya nini?"

Ndani ya miezi ile nilikuwa nimeandika barua tano, nimekaa kwenye mabenchi ya ofisi tatu, nimepigania radieta. Yote hayo kwa bati na plastiki. Mtu ambaye sheria ile ilitungwa kwa ajili yake alikuwa kilomita mbili kutoka kwangu, anaamini kwamba bima ni jambo la wenye magari. Polisi walimpa fomu ya hospitali, hawakumpa jina la kampuni. Mwenye pikapu alijua ana bima na akaona laki moja na nusu ni rahisi kuliko maswali. Nami nilikuwa na picha ya namba ya pikapu kwenye simu tangu dakika ya kwanza.

Wakili niliyemuuliza alisema karatasi ya dole gumba inaweza kupingwa, ingawa itatupa kazi, na kwamba mtu aliyejeruhiwa kwa uzembe wa mwingine ana miaka mitatu ya kufungua shauri. Akauliza kama dereva alitiwa hatiani. Alitiwa, alikiri kosa, akalipa faini. Hukumu hiyo, akasema, ndiyo msingi, nendeni mkachukue nakala yake iliyothibitishwa. Kisha barua kwa kampuni iliyomkatia bima, PF 3, taarifa ya daktari, risiti, na maelezo ya alichokuwa akikipata kwa siku kabla ya ajali. Mwenye kikaango hana risiti za mauzo. Ana madaftari ya anayemuuzia samaki Feri, na hayo yanahesabika.

Jumapili iliyofuata nilirudi Kimara. Alileta mfuko wa plastiki uliofungwa fundo, ndani yake PF 3 iliyokunjwa mara nne, karatasi za eksirei, na risiti za dawa ambazo wino wake ulikuwa unaanza kufifia. Tukazipanga juu ya meza ya samaki, moja moja, binti yake akizipiga picha. Nikaingiza namba ya pikapu kwenye mfumo wa TIRA wa kuhakiki bima. Likaja jina la kampuni, na tarehe: ilianza Januari, ajali ilikuwa Aprili.

Nikamgeuzia simu aone. Akaisoma polepole, midomo ikitembea.

"Kwa hiyo ililipiwa," akasema.

"Ililipiwa."

Akanyamaza kidogo, akajaribu kukunja vidole, vikafika nusu.

"Wanafungua saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi."

Akamgeukia binti yake. "Kesho hatuendi Feri," akamwambia, na akaanza kulifunga tena lile fundo la mfuko kwa mkono wa kushoto.